Nyumba ya Makuti, Kiwanja cha Kukodi

Hati yenyewe ni ukurasa mmoja wa karatasi nene, umekunjwa mara nne, na penye mikunjo wino umefifia. Imeandikwa kwa Kiarabu cha kadhi, mwaka 1330 Hijria, yaani 1912 Miladia. Inasema kwamba mwanamke fulani binti Abdalla, mtumwa aliyeachwa huru na fulani bin fulani, ameiweka wakfu nyumba yake ya udongo na makuti iliyoko Ng'ambo ya mji wa Unguja, juu ya kiwanja cha kukodi. Wa kwanza kunufaika ni binti yake, kisha watoto wa binti yake. Na chumba cha uani ni cha shoga yake, naye ameachwa huru na bwana huyohuyo, akikalie maisha yake yote bila ya kulipa. Mashahidi ni wanaume wawili. Yeye mwenyewe, pale pa kutia saini, ametia alama ya wino tu.

Mwanamke huyo ni bibi yake mama yangu. Jina lake la kwanza silitaji, maana katika ukoo wetu wapo ambao neno "mtumwa" bado linawachoma, na nimewaahidi hilo. Hiyo "binti Abdalla" naweza kuiandika bila ya kumfichua mtu. Wengi waliotolewa bara wakiwa wadogo, ambao baba zao hawakujulikana au hawakuwa Waislamu, waliandikwa wana wa Abdalla. Ukifungua majalada ya zamani ya mirathi Unguja unawakuta wamejaa, kana kwamba Abdalla mmoja aliuzaa mji mzima.

Nimefanya kazi ya ukarani mahakamani mpaka nikastaafu, na mambo ya mirathi nimeyasikiliza kutwa kucha. Ndiyo maana hati hii, iliyokaa ndani ya kasha la mama miaka mingi ikidhaniwa ni dua, iliponifikia mikononi niliona mara moja kwamba mwenye kuiandikisha alikuwa anaikimbia hatari fulani.

Wanawake wa Unguja wa zama zile tunaowajua kwa majina ni wachache. Tunamjua Bibi Salme, binti wa Sayyid Said, kwa kuwa alikimbilia Ujerumani na mwaka 1886 akachapisha kitabu cha maisha yake. Tunamjua Siti binti Saad wa Fumba, kwa kuwa sauti yake ilirekodiwa Bombay mwaka 1928 na Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Mwanamke aliyechambua karafuu kwenye magodauni ya Malindi hakuandikiwa wasifu na mtu. Ukimtaka huyo, mtafute palipokuwa na mali ya kugombaniwa. Makarani wa zamani hawakuandika mtu kwa sababu alizaliwa, akapenda, akafiwa. Waliandika pale ambapo mwengine alikuwa na dai juu yake, au yeye alikuwa na dai juu ya mwengine.

Nyumbani tulimwita Bibi Mkuu, na tuliambiwa kwamba alikuwa Mngazija. Mama, aliyezaliwa 1930 na kumdiriki akiwa kizee, hakuwa na la zaidi, ila jambo moja alikuwa akilisimulia bila ya kulipa uzito: bibi yake alikuwa na haya mno, hata akizungumza na wajukuu alishika ncha ya kanga akajiziba mdomo. Akila aliwageuzia mgongo. Siku moja mama, mtoto wa miaka sita au saba, alimchungulia akinywa uji, akaona kwamba mdomo wa juu una tundu katikati, ngozi yake imelegea, na uji unapenya pale. Alipouliza, mama yake alimfinya.

Lile lilikuwa tundu la ndonya, pambo la mdomo. Wanawake wa Kimakonde na Kimakua walivaa ndonya, na wa pande za Ziwa Nyasa vilevile. Livingstone aliwaona huko katika safari zake za miaka ya 1860 akaandika habari zao. Msichana alitobolewa mdomo wa juu angali mdogo, akatiwa kijiti chembamba, kisha kikawa kinaongezwa unene kidogo kidogo kadiri anavyokua. Wangazija hawakuwa na ada hiyo, na mtoto aliyezaliwa utumwani Unguja, mzalia, asingetobolewa. Kwa hiyo Bibi Mkuu alitolewa kwao akiwa msichana ambaye tayari ameshaanza kukuzwa kwa mila za kwao, na huenda mama yake mzazi alikuwa karibu wakati anatobolewa. Hati ya kadhi haikutaja asili yake. Mdomo wake uliitaja.

Nikipiga hesabu ya umri, aliletwa baada ya 1873. Mwaka huo, mwezi wa Juni, Sayyid Barghash alishurutishwa na Waingereza kutia saini mkataba wa kuzuia biashara ya watumwa baharini, na soko la Mkunazini likafungwa. Hakuna aliyenadiwa tena hadharani, lakini majahazi yaliendelea kuvuka usiku kutoka mrima. Mtoto aliyevushwa kwa magendo hana risiti ya forodha. Utoto wake hauna karatasi hata moja, nami sitarajii kuiona.

Kwenye daftari za serikali za walioachwa huru pia hayumo. Amri ya Sultani Hamoud bin Mohammed ya tarehe 6 Aprili 1897 iliondoa hadhi ya utumwa kisheria Unguja na Pemba, lakini haikumwacha huru mtu akiwa amelala kwake. Mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe mahakamani kuomba. Alitakiwa aoneshe pa kukaa na njia ya kujilisha, na bwana akalipwa fidia. Masuria hawakuhusishwa kabisa. Wao walihesabiwa kama wake wa nyumbani, na hadi 1909 hawakuwa na njia ya kutoka isipokuwa wakithibitisha kuteswa. Bibi Mkuu hakuwa suria wa bwana wake, hilo nina yakini nalo, kwa sababu hati inamtaja binti yake kwa jina la baba mwengine. Angezaa na bwana, mtoto angekuwa huru tangu kuzaliwa, angeitwa kwa jina la bwana na angemrithi.

Hakwenda serikalini kwa kuwa aliachwa huru na bwana mwenyewe, kwa njia ya dini. Watu wengi wa Unguja waliamini kwamba karatasi ya serikali ni ya serikali tu, na kwamba uhuru mbele ya Mwenyezi Mungu hutoka kinywani mwa mwenye mali. Wako waliochukua cheti cha mahakama kisha wakarudi kwa mabwana zao kuwaomba wawatamkie. Mabwana nao waliacha watu huru kwa kutafuta thawabu, hasa maradhi yakiwazidia. Uhuru wa namna hii ulikuwa na heshima yake mtaani. Ulikuwa pia na mkia, na mkia huo ndio uliomfanya Bibi Mkuu aende kwa kadhi.

Mkia huo ni walaa. Aliyeachwa huru hubaki na nasaba ya kisheria na aliyemwacha, kama vile amepewa jamaa badala ya wale aliopotezewa. Mwanamke asiye na baba wala ndugu wa kiume huozwa kwa uwalii wa bwana wa zamani. Na akifa, bwana au wanawe wa kiume huchukua kinachobaki baada ya warithi wa mafungu. Tuseme mwanamke amekufa, mumewe ameshatangulia, ameacha binti mmoja. Binti ana nusu. Nusu ya pili, kwa mwanamke mwenye kaka au ami, ingekwenda kwao. Kwa mwanamke aliyeibwa toka Nyasa, ilikwenda kwa watoto wa aliyemmiliki. Kesi za namna hii ziliendeshwa Unguja miaka mingi baada ya utumwa kuondolewa: mtu kafa Ng'ambo, ameacha kibanda, kitanda cha kamba na bangili mbili za fedha, na mlangoni wameshafika watu wa Mji Mkongwe wanataka haki yao.

Bibi Mkuu alikuwa na binti mmoja tu, bibi yangu mzaa mama. Mume alikuwa hamali bandarini na alikwisha kufa. Asingefanya kitu, nusu ya ile nyumba ingekwenda kwa watu wa bwana wake. Wakfu uliifunga njia hiyo, kwa sababu kilichowekwa wakfu hakirithiwi. Wanachuoni wa madhehebu ya Shafi wanakubali hata jengo lililo juu ya ardhi ya kukodi liwekwe wakfu, na bila shaka kadhi alimweleza hivyo. Huyu alikuwa mwanamke asiyejua kusoma wala kuandika, aliyejifunza Kiswahili ugenini, na aliitumia sheria ya waliommiliki kuwazuia waliommiliki. Nimeona mawakili wenye shahada wakishindwa kupanga jambo zuri kama hili. Najivunia kutoka kwake.

Kuhusu shoga, hati haina maelezo, nami sijasikia lolote nyumbani. Waliachwa huru na bwana mmoja, basi pengine walilala kwenye jamvi moja la uani kwa miaka. Kumpa mtu chumba cha maisha ndani ya wakfu, baada ya watoto wa tumbo lako, ni kumfanya ndugu. Sheria haikumpa ndugu, alijiandikia mmoja.

Ndani ya kasha zilikuwemo pia stakabadhi za kodi ya kiwanja, vipande vidogo vyenye kiasi cha rupia na saini ya karani wa mwenye ardhi. Ng'ambo ilikuwa hivyo: nyumba yako, ardhi ya mwengine, na wenye nyumba wengi walikuwa wanawake. Pesa zilitoka kwenye karafuu. Msimu ukiingia walikwenda mashamba, wakachuma kwa pishi, usiku wakachambua, punje huku na makonyo kule, asubuhi wakaanika majamvini. Msimu ukiisha, vitumbua na kibarua cha magodauni. Mama alisema viganja vya Bibi Mkuu vilinuka karafuu hata mwezi wa Ramadhani, alipokuwa hashiki kazi.

Mwaka 1928 zile stakabadhi zinakatika ghafla, miezi kadhaa hakuna kitu, kisha zinaanza tena. Huo ndio mwaka wa mgomo wa kodi ya viwanja. Wenye ardhi walikuwa wamepandisha kodi, watu wa Ng'ambo wakakataa kulipa, wanawake wakiwa mbele, hadi serikali ikatunga sheria ya kudhibiti kodi zile. Stakabadhi haisemi kwamba Bibi Mkuu aligoma. Lakini mtu aliyelipa kila mwezi kwa miaka hajisahau mwaka huohuo jirani zake wote walipokataa kulipa.

Nyumba yenyewe haipo. Ilikuwa pale yanapopita majumba ya Michenzani. Ilivunjwa pamoja na nyumba nyingine za makuti serikali ilipojenga yale maghorofa marefu baada ya Mapinduzi, na ardhi ilikwisha kuwa mali ya serikali. Wakfu ukaisha hapo, bila ya mrithi wala mgogoro.

Nimetoa nakala za hati na tafsiri yake kwa Kiswahili, nikawapa watoto wa ndugu zangu. Mama mdogo, aliye mkubwa wetu sasa, aliisoma akiwa amevaa miwani, akaniambia, "Mwanangu, kazi yako nzuri, Mungu akulipe. Lakini hapa andika 'aliyelelewa na fulani'. Usiandike mtumwa. Wajukuu wana wakwe." Nilimbusu mkono nikamwambia, "Mama, jina lake nimelificha kama ulivyotaka. Lakini hilo neno aliliandikisha mwenyewe mbele ya kadhi na mashahidi wawili, na bila yake hamtajua kwa nini nyumba ilibaki kwetu." Hakunijibu. Nakala aliyoichukua ni ile yenye neno, na mwanawe amenieleza kwamba ameiweka ndani ya msahafu.