Usimamizi au Uongozaji wa Mabadiliko?

Uongozaji wa mabadiliko ni istilahi ya taaluma ya utawala inayotaja kazi ya kuitoa taasisi katika utaratibu iliouzoea na kuifikisha katika utaratibu mwingine, kwa namna ambayo watumishi wanaukubali utaratibu huo na kuuendeleza hata baada ya aliyeuanzisha kuondoka. Katika nyaraka nyingi za ofisini dhana hiyo huitwa usimamizi wa mabadiliko, na pengine mageuzi au maboresho, kana kwamba maneno hayo ni mamoja. Lakini kila moja lina uzito wake, na anayeyachanganya huishia kuchanganya kazi zenyewe.

Neno mabadiliko limetokana na kitenzi badilika, wala si badilisha. Kinachobadilika huingia chenyewe katika hali mpya, ilhali anayebadilisha husimama nje ya kile anachokibadilisha. Mkurugenzi aweza kubadilisha fomu, vyeo na mpangilio wa meza kwa waraka mmoja. Karani anayezijaza fomu hizo habadilishwi kwa waraka, bali hubadilika, au hukataa kubadilika.

Mageuzi, kutoka geuza, hudokeza kupindua upande, na nchini Tanzania neno hilo limeshikamana na siasa tangu mjadala uliorejesha mfumo wa vyama vingi mwaka 1992. Maboresho, lililotumika katika jina la Programu ya Maboresho ya Utumishi wa Umma iliyoanzishwa Tanzania mwaka 2000, lina kasoro ya namna nyingine: hutoa hukumu kabla ya kesi kusikilizwa, kwa kuwa huliita jambo bora kabla matokeo yake hayajaonekana.

Msingi wa nadharia yenyewe uliwekwa na Kurt Lewin, mwanasaikolojia aliyezaliwa mwaka 1890 katika Milki ya Ujerumani na kuhamia Marekani mwaka 1933. Katika makala yake ya mwaka 1947 alieleza hatua tatu zinazoweza kuitwa kuyeyusha, kusogeza na kugandisha. Msomaji wa pwani hahitaji barafu ili kuuelewa mfano huo: mafuta ya nazi yaliyoganda ndani ya chupa wakati wa kipupwe hayatoki kwa chupa kutikiswa, bali huwekwa juani kwanza, yakayeyuka, ndipo yakamiminwa katika chombo kingine, ambamo yataganda tena kwa umbo la chombo hicho. Kuyeyusha ni kulegeza mazoea, kusogeza ni kuyapeleka kwenye utaratibu mpya, na kugandisha ni kuyafanya mapya yawe desturi.

Lewin alikuwa amekwisha kulipima jambo hilo wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Marekani ilipotaka akina mama wa nyumbani wapike nyama za ndani, kama moyo na figo, ambazo wengi wao walizidharau. Vikundi vingine vilihutubiwa kuhusu lishe na bei, na vingine vikapewa nafasi ya kujadiliana na kuamua vyenyewe. Ulipofanyika ufuatiliaji, asilimia 3 tu ya waliohutubiwa ndio waliokuwa wamepika nyama ambayo hawakuwahi kuiandaa kabla, dhidi ya asilimia 32 ya waliojadiliana. Habari waliyopewa ilikuwa ileile. Tofauti ilikuwa ni nani aliyeamua.

John Kotter wa Chuo Kikuu cha Harvard, katika kitabu chake cha mwaka 1996, aliipanga kazi hiyo katika hatua nane, kuanzia kuwafanya watu waone uharaka wa jambo hadi kulikita katika utamaduni wa taasisi. Kwake, usimamizi hushughulika na bajeti, ratiba na udhibiti, ilhali uongozi hutoa dira, huwaunganisha watu na dira hiyo na kuwatia ari. Kiswahili kinaibeba tofauti hiyo bila taabu: kusimamia, kutoka simama, ni kusimama juu ya kazi ili ifanyike kama ilivyoagizwa, na kuongoza ni kutangulia na kuonyesha njia kwa watu wanaotembea kwa miguu yao wenyewe.

Uongozi, hata hivyo, hutaja pia cheo na kundi la wakubwa, kama inaposemwa kwamba uongozi umekataa. Uongozaji, kwa kiambishi chake -aji, hubaki na tendo lenyewe, ambalo aweza kulifanya hata mtumishi asiye na cheo. Kwa hiyo inafaa usimamizi wa mabadiliko ubakie jina la sehemu ya ratiba, fedha na vifaa, na kazi nzima iitwe uongozaji wa mabadiliko. Taasisi iliyonunua mfumo mpya wa kompyuta ilhali makarani wake wanaendelea kuandika katika daftari la zamani imesimamia mabadiliko, bado haijayaongoza.