Takwimu za kidijitali zinaisaidiaje Njombe?

Wadau, wengi wetu tukisikia "data" tunawaza bando tu. Mimi leo naongelea takwimu zinazohifadhiwa kwenye kompyuta na kazi yake kwenye maendeleo endelevu, yaani yale yanayotufaa sisi bila kuwaharibia watakaokuja.

Mfano ni sensa. Mwaka 2012 makarani walijaza madodoso ya karatasi. Agosti 2022 wakaja na vishikwambi, majibu yakaingia humo humo. Mkoa wa Njombe ulikuwa na watu 702,097, sasa ikahesabiwa 889,946. Hao waliozidi wanataka maji, zahanati na madarasa. Mji kama Makambako, njia panda ya Mbeya na Songea, tena wenye stesheni ya TAZARA, huwezi kuupangia kwa kubahatisha.

Kingine, wastani wa taifa unaficha mambo. Utafiti wa VVU wa 2022-23 ulionyesha maambukizi kwa watu wa miaka 15 na kuendelea ni asilimia 4.4 kitaifa, lakini Njombe ni 12.7. Dawa na vipimo vikigawanywa kwa wastani, sisi ndo tunaumia.

Ila namba zikikaa kwenye kompyuta tu hazichimbi kisima. Ripoti za sensa zipo bure kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu, mpaka idadi ya watu wa kila kata. Ukiwa hapo kafe shusha ya kwenu, printi ukurasa mmoja, nenda nao kwenye mkutano wa mtaa. Ukiuliza kwa namba, hata diwani atajibu kwa namba.

Naomba kuwasilisha.