Ukumbi wa Fives Court na Jirani Yake, Bill Richmond

Mwaka 2026 unatimiza miaka 200 tangu kubomolewa kwa Fives Court, ukumbi uliokuwa kwenye mtaa wa St Martin's, karibu na Leicester Square, katikati ya London. Kwa zaidi ya miaka 20 mchezo wa masumbwi wa Uingereza ulikuwa na makao yake humo. Majina ya mabingwa waliopita pale yamehifadhiwa vizuri. Jina la jirani wa ukumbi huo, mtu mweusi aliyezaliwa utumwani Marekani na ambaye mchango wake hapo ulikuwa mkubwa kuliko wa mabingwa wengi, lilipotea kwa muda mrefu, na waliolirudisha walilazimika kulitafuta kwenye vitabu vya makanisa.

Ukumbi wenyewe haukujengwa kwa ajili ya ngumi. Fives ni mchezo wa kupiga mpira ukutani kwa kiganja, kwa hiyo jengo lilikuwa na kuta ndefu na sakafu pana isiyokatizwa na kitu. Watu wapatao 1,000 waliweza kubanana humo. Mwanzoni mabondia walipigana sakafuni, na waliosimama nyuma waliambulia kuona visogo vya wenzao, mpaka likawekwa jukwaa la mbao. Kiingilio kilifika shilingi 3, pesa ambayo kibarua wa wakati ule hakuipata kwa kazi ya siku moja.

Kilichoupa ukumbi umuhimu ni sheria. Pambano la ngumi tupu lilikuwa kosa, na hakimu aliyepata habari mapema aliweza kulizuia. Ndiyo maana mapambano makubwa yalifanyika mashambani, maili nyingi kutoka mjini, na mahali pakitajwa dakika za mwisho. Huko zilifuatwa kanuni alizoziweka Jack Broughton mwaka 1743: raundi iliisha mtu alipoanguka, akapewa nusu dakika, na raundi hazikuwa na idadi. Ndani ya Fives Court mambo yalikuwa mengine. Mabondia walivaa glavu zilizojazwa, wakaonyesha ufundi wao, na serikali ikafumba macho.

Kila onyesho lilikuwa na mwenyewe. Bondia mmoja alitangazwa kuwa ndiye mnufaika, wenzake wakapanda jukwaani kumuunga mkono, na pesa ya mlangoni ikawa yake. Leo kwake, kesho kwa mwingine. Aliyeumia, aliyezeeka, aliyekuwa na deni, wote walisaidiwa kwa njia hiyo. Mapambano mapya nayo yalipangwa palepale: mtu alipanda, akamtaja anayemtaka, na wenye fedha wakaahidi dau. Fives Court haikuwa na katiba wala daftari la wanachama, lakini ilifanya kazi ya chama cha mabondia kabla hakijakuwepo chama chochote cha aina hiyo cha kudumu. Hilo kwangu linatosha kuiita taasisi.

Ubavuni mwake palikuwa na baa iliyoitwa Horse and Dolphin, na mwenye baa alikuwa Bill Richmond.

Alizaliwa mwaka 1763 kwenye kisiwa cha Staten, New York, katika nyumba ya mchungaji Richard Charlton, aliyemiliki watumwa. Vita vya uhuru wa Marekani vilipoleta majeshi ya Uingereza kisiwani, jenerali mmoja, Hugh Percy, alimwona kijana huyo akiwadhibiti askari waliomchokoza. Mwaka 1777 akampeleka Uingereza, akamsomesha Yorkshire, kisha Richmond akajifunza useremala wa samani mjini York. Alikuwa mtanashati na msemaji mzuri. Mwandishi Pierce Egan, ambaye kitabu chake Boxiana kilianza kutoka mwaka 1812, anasimulia kuwa mapambano kadhaa ya Richmond huko York yalizuka kwa sababu ya matusi, na mojawapo lilitokana na mtu aliyemtukana kwa kutembea na mwanamke mzungu.

Mwaka 1791, mjini Wakefield, alifunga ndoa na Mary Dunwick. Bila kumbukumbu za ndoa na ubatizo tusingemjua Mary wala watoto wao, kwa kuwa waandishi wa michezo wa zama zile waliandika ngumi ya Richmond na rangi yake, nyumba yake wakaiacha.

Huko London alikuwa mtumishi wa Lord Camelford, mtu wa fujo aliyependa ngumi kupita kiasi. Januari 1804, akiwa na miaka 40, umri ambao mabondia wengi wa leo wanakuwa wameshatundika glavu, Richmond alipanda kupigana na George Maddox na akashindwa katika raundi ya 9. Mwaka uliofuata, huko Hailsham, alikutana na Tom Cribb, kijana wa miaka 24 ambaye baadaye angekuwa bingwa wa Uingereza. Walipigana kwa saa moja na nusu, Richmond akitumia zaidi miguu kukwepa kuliko mikono kupiga. Akashindwa tena. Kushindwa huko na Cribb kulimkaa rohoni, na miaka yake iliyofuata haieleweki bila kukumbuka hilo. Mwaka 1809 alirudiana na Maddox na kumshinda kwa dakika 52.

Akanunua baa. Kwa kuwa ilipakana na Fives Court, kila bondia, kila mwenye dau na kila mgeni aliyetafuta mpinzani alipitia kwake. Mmoja wa wageni hao alikuwa Tom Molineaux, Mmarekani mweusi mwenzake, inasemekana naye aliwahi kuwa mtumwa, aliyekuja na nguvu nyingi na ufundi haba. Richmond akamlaza, akamlisha, akamfundisha, akamtafutia wapinzani, na tarehe 18 Desemba 1810 akasimama kwenye kona yake dhidi ya Cribb, Copthall, kusini mwa London. Mvua ilinyesha na baridi ilikuwa kali. Molineaux alipokuwa anaelekea kushinda, watazamaji walivunja kamba wakavamia ulingo. Wanahistoria wa ngumi bado wanabishana kama Cribb alipewa muda wa kupumzika asiostahili. Mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba siku ile Molineaux hakutendewa haki. Alishindwa baada ya raundi zaidi ya 30. Siku chache baadaye gazeti lilichapa barua kwa jina lake, akitaka marudiano na kutumaini kuwa rangi yake haitatumiwa dhidi yake.

Marudiano yalifanyika tarehe 28 Septemba 1811, Thistleton Gap, mbele ya watu wapatao 15,000. Cribb alikuwa ametoka kambini Scotland akiwa mwepesi na imara. Alimvunja Molineaux taya na kumaliza kazi katika raundi ya 11. Richmond alipoteza fedha nyingi, na baa ikamtoka mkononi. Mwalimu na mwanafunzi wakaachana. Molineaux alifariki Galway, Ireland, mwaka 1818, akiwa na miaka 34.

Richmond hakuuacha mchezo. Agosti 1815, akikaribia miaka 52, alimshinda Tom Shelton, bondia mdogo kwake kwa miaka mingi. Alifungua shule ya ngumi, akaendelea kupanda kwenye jukwaa la Fives Court kusaidia maonyesho ya wengine. Mwaka 1821, George wa Nne alipotawazwa, alikuwa mmoja wa mabondia waliovalishwa sare kulinda milango ya Westminster. Na Cribb, mtu aliyemuumiza mara mbili, mara ya kwanza kwa ngumi na mara ya pili kupitia kwa Molineaux, akawa rafiki yake. Jioni ya tarehe 28 Desemba 1829 walikuwa pamoja kwenye baa ya Cribb, mtaa wa Panton. Usiku huo Richmond akafariki.

Alizikwa kwenye makaburi ya St James, barabara ya Hampstead, ambako inakadiriwa walizikwa watu 61,000. Makaburi yalifungwa mwaka 1853, yakageuzwa bustani, kisha kuanzia 2018 yakafukuliwa kupisha reli mpya ya kasi kituoni Euston. Nahodha Matthew Flinders, aliyeizunguka Australia kwa meli na kuzikwa humo, alitambuliwa kwa bamba la risasi lililokuwa juu ya jeneza lake. Majeneza ya watu wa kawaida yalikuwa na mabamba ya bati, na bati huliwa na kutu. Maelfu ya waliofukuliwa walipelekwa kuzikwa upya Brookwood, Surrey.

Baa ya Cribb ingalipo mtaani Panton, nayo inaitwa Tom Cribb. Mwaka 2015, mwaka ambao Luke G. Williams alichapisha wasifu wa Richmond, kumbukumbu yake ilizinduliwa ndani ya baa hiyo. Galway nao waliweka jiwe la Molineaux mwaka 2018. Mahali ulipokuwa ukumbi ni mwendo wa dakika chache kutoka jumba la picha la National Portrait Gallery, ambalo lina mchoro wa Richmond uliotoka kwa Robert Dighton mwaka 1810: kifua wazi, ngumi zimeinuliwa, mwaka uleule aliokuwa akimwandaa Molineaux.