Misuli ya taya na safari ndefu ya upasuaji wa kuirekebisha

KATIKA simulizi za Waluo, wakiwemo wale wa bonde la Lambwe, imehifadhiwa sababu moja ya desturi ya kung'oa meno sita ya mbele ya taya la chini. Desturi hiyo, iitwayo nak kwa Dholuo, ilikuwa alama ya jamii na ya kuingia utu uzima. Hata hivyo, husemwa pia kwamba pengo lile lilikuwa mlango wa uji: mtu aliposhikwa na pepopunda, meno yakaumana yasiachane, aliweza kulishwa kupitia hapo.

Iwe sababu hiyo ndiyo asili ya nak au ilibuniwa baadaye, ina msingi wa kitabibu. Pepopunda kwa kawaida huanza kwa kukaza misuli ya kutafuna, na misuli hiyo ina nguvu za kufunga kinywa kiasi kwamba mkono wa mtu haufui dafu mbele yake. Misuli hii hii ndiyo huamua kwa sehemu kubwa ikiwa mgonjwa anayefanyiwa upasuaji wa kurekebisha taya atarudi kula sawasawa au la.

Binadamu ana jozi nne za misuli ya kutafuna. Wa kwanza ni maseta, unaotoka kwenye mfupa wa shavu hadi pembe ya taya la chini. Ukiuma meno na kugusa shavu, utausikia ukivimba chini ya kidole. Wa pili ni temporali, uliotandaa kwenye panja kama kipepeo. Mingine miwili, terigoidi ya ndani na ya nje, imefichika nyuma ya taya. Mitatu hufunga kinywa. Terigoidi ya nje husukuma taya mbele na kusaidia kukifungua. Yote hupata amri kutoka kwa neva ya tano ya ubongo.

Mtu ambaye taya lake la chini limechomoza mno, au limerudi nyuma, au ambaye meno yake ya mbele hayakutani hata anapofunga kinywa, huwa na kasoro ya misuli pia. Meno yanayogusana ni machache, hivyo ubongo huizuia misuli isitoe nguvu zake zote. Wenye nyuso ndefu mara nyingi huwa na maseta nyembamba na huuma kwa nguvu ndogo kuliko wengine. Ndiyo maana si haki kuuita upasuaji huu urembo tu. Wapo wanaomeza vipande visivyotafunwa miaka nenda miaka rudi, na jirani hajui.

Matibabu huanza kwa vyuma vya kunyoosha meno, ambavyo kwa kawaida huvaliwa mwaka mmoja au mwaka na nusu kabla ya upasuaji. Katika kipindi hicho sura yaweza hata kuonekana mbaya zaidi, kwa kuwa kila safu ya meno inapangwa kulingana na taya lake na si kulingana na safu ya pili. Daktari husubiri pia mifupa ikome kukua, jambo ambalo kwa wavulana huchelewa kuliko kwa wasichana.

Taya la chini lilikatwa kwa ajili ya marekebisho nchini Marekani tangu 1849, kwa mkono wa Simon Hullihen. Lakini njia inayotumika zaidi leo, ya kupasua mfupa kwa urefu wake na kuuteleza mbele au nyuma, ilielezwa 1957 na Richard Trauner na Hugo Obwegeser. Zamani mgonjwa alifungwa mataya kwa waya kwa takriban wiki sita, na misuli ikadhoofika kwa kukosa kazi. Siku hizi vibamba vya titani na skrubu hushikilia mfupa, na kinywa huanza kufunguliwa mapema.

Hata hivyo misuli hailali. Taya likivutwa mbele, misuli na tishu zilizonyooshwa hulivuta lirudi lilikotoka, na kadiri lilivyosogezwa mbali ndivyo hatari inavyoongezeka. Nguvu ya kuuma hushuka katika wiki za mwanzo, kisha hurejea polepole. Aghalabu huchukua karibu miezi sita kufikia kiwango cha kabla ya upasuaji. Baada ya hapo huweza kuendelea kupanda kwa mwaka mmoja au miwili, ingawa wengi hawafikii nguvu za mtu aliyezaliwa na mataya yaliyolingana. Mdomo wa chini nao huweza kubaki na ganzi, kwa baadhi ya wagonjwa daima.

Hapa ndipo mazoezi yanapohitajika. Mtu mzima hufungua kinywa kiasi cha milimita 40 hadi 50, yaani vidole vyake vitatu vikipangwa wima kati ya meno ya mbele. Baada ya upasuaji huenda kisiingie hata kimoja. Mazoezi ya kila siku aliyoelekezwa na daktari ndiyo huurudisha upana huo. Chakula huanza na uji na supu, kisha ugali laini na samaki aliyetolewa miiba. Muwa, ambao Migori unalimwa kwa wingi, ni zoezi zuri la maseta lakini lazima usubiri, pamoja na mahindi ya kuchoma, hadi daktari aruhusu.

Kwa mkazi wa Lambwe tatizo kubwa ni umbali. Wataalamu wengi wa fani hii wako Nairobi, zaidi ya kilomita 300, na matibabu yote huweza kufika miaka miwili au mitatu. Anayekwenda kupasuliwa kisha akashindwa kurudi kukaguliwa anahatarisha kazi yote. Heri familia ihesabu nauli za miaka hiyo kabla ya chuma cha kwanza kufungwa.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi wa kandokando ya Ziwa Victoria hawana budi kulitenga na haya. Mtoto anayevimba taya ghafla huku magego yakilegea huenda ana saratani ya Burkitt, iliyoelezwa na Denis Burkitt 1958 alipokuwa Kampala, na ambayo huhusishwa na malaria na virusi vya Epstein-Barr. Eneo hili la ziwa ni miongoni mwa yale ambako hupatikana zaidi. Hukua kwa kasi ya kutisha, na tiba yake kuu ni dawa za saratani, wala si kisu. Mtoto huyo asipelekwe kung'olewa jino. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.