Papa mpya, swali la zamani: Kwa nini Wakatoliki wa Sachangwan wanauliza kuhusu ndoa, si Kilatini

Jumapili asubuhi Sachangwan, ukungu bado umelala juu ya mashamba ya viazi. Malori yanaguruma yakipanda kuelekea Mau Summit, na waumini wanatembea kando ya barabara, koti zito mwilini, rozari mkononi. Katika vigango vya ukanda huu wa Molo na Kuresoi, Misa husomwa kwa Kiswahili. Mkipsigis, Mkikuyu na Mkisii wanaitikia kwa lugha moja, kayamba zikiwapa mwendo.

Kijana aliyezaliwa hapa anaweza kudhani Kanisa limesali hivi tangu enzi za mitume. Mzee aliyebatizwa kabla ya Uhuru anajua sivyo. Anamkumbuka padre aliyeelekea altare, mgongo kwa watu, akisali Kilatini kwa sauti ya chini. Waumini walisali rozari zao kimya hadi kengele ilipolia, ndipo wakainua macho kuitazama Hostia.

Kumbukumbu hiyo imepata uzito upya tangu Mei 8, 2025, Kardinali Robert Prevost alipochaguliwa kuwa Papa Leo wa 14. Watetezi wa mapokeo, hasa Marekani na Ulaya, walianza mara moja kupima kila hatua yake. Septemba mwaka huo alipompokea Padre James Martin, anayejulikana kwa utume wake kwa wapenzi wa jinsia moja, wengi waliingiwa na hofu. Oktoba 25 Kardinali Raymond Burke aliposoma Misa ya zamani ya Kilatini ndani ya Basilika la Mtakatifu Petro, kwa ruhusa ya Papa, wakapumua. Swali lao ni moja: je, huyu atailinda amana ya imani?

Swali hilo si geni, na Afrika iko ndani yake tangu mwanzo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipofunguliwa Oktoba 11, 1962, miongoni mwa maaskofu waliokaa humo alikuwamo Laurean Rugambwa wa Bukoba, Mwafrika wa kwanza kuwa kardinali katika nyakati zetu. Desemba 4, 1963 Mtaguso ukapitisha hati ya liturujia iliyofungua mlango kwa lugha za watu. Mwaka 1969 Papa Paulo wa 6 akatangaza Misale mpya, na Kilatini kikaanza kuondoka altareni.

Aliyeongoza upinzani alikuwa mmisionari wa Afrika. Askofu Mkuu Marcel Lefebvre alifika Gabon mwaka 1932, kisha akaongoza Kanisa la Dakar, Senegal, hadi 1962. Mwaka 1970 alianzisha Shirika la Mtakatifu Pius wa 10, ambalo leo lina kituo hata Nairobi. Juni 30, 1988 aliwaweka wakfu maaskofu wanne bila idhini ya Roma, akatengwa na Kanisa.

Aliyepokea kiti chake Dakar ni Hyacinthe Thiandoum, ambaye Lefebvre mwenyewe alimpa upadre mwaka 1949. Thiandoum aliupokea Mtaguso, akawa kardinali, na hakuacha kumheshimu mlezi wake wala kutafuta njia ya kumpatanisha na Papa. Mwalimu alitoka nje kwa ajili ya mapokeo, mwanafunzi akabaki ndani, akibeba huzuni ya wote wawili.

Hapa Kenya mgawanyiko ulichukua sura nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko waliongoza maelfu ya Wakatoliki wa Nyanza kuanzisha kanisa la Legio Maria. Waliondoka na rozari, mavazi ya kipadre na sala za Kilatini, na baadaye wakawa na Papa wao wenyewe. Lakini wenye wake wengi walikaribishwa. Lugha ya kale ikabaki, sharti la ndoa likalegea.

Kanisa Katoliki la Bonde la Ufa lilifanya kinyume chake: lilibadili lugha, likaishikilia ndoa. Raphael Ndingi Mwana'a Nzeki aliongoza Jimbo la Nakuru kuanzia 1971 hadi 1996. Katika miaka hiyo maaskofu wa Afrika Mashariki, kuanzia mkutano wao wa 1973, waliamua Kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogondogo, majirani wakisoma Injili pamoja nyumbani kwa mmoja wao. Kwa Kiswahili, jirani wa kabila lingine aliweza kukaa kwenye kiti kilekile na kuomba.

Hilo halikuwa jambo dogo. Mwaka 1992 mapigano ya kikabila yalipoteketeza nyumba za Molo, Ndingi aliyakemea hadharani. Moto huo ulirudi baada ya uchaguzi wa 2007. Anayesema Misa ya Kiswahili ni upungufu wa heshima hajawaona watu waliokimbiana wakitakiana amani kwa maneno mamoja.

Ndiyo maana wasiwasi wa huku haukuanzia kwenye Kilatini. Ulilipuka Desemba 18, 2023, Vatikano ilipotoa tamko la Fiducia Supplicans, lililoruhusu baraka zisizo za kiliturujia kwa watu wawili wa jinsia moja wanaoishi pamoja. Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliwakataza mapadre wake. Januari 11, 2024 Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa akatangaza, kwa niaba ya maaskofu wa Afrika, kwamba baraka hizo hazitatolewa. Alisema hayo akiwa katika ushirika na Papa Fransisko, na hakuna aliyetengwa.

Papa Leo amesema familia ni muungano wa mume na mke, na kwamba anaona ni vigumu sana mafundisho hayo yabadilike, walau karibuni. Kilichowakera wahafidhina ni kusema kwake kwamba ni lazima mitazamo ibadilike kwanza kabla hata ya kufikiria kubadili mafundisho. Novemba 2025 Vatikano ikatoa waraka wa Una Caro, unaosifu ndoa ya mume mmoja na mke mmoja na kuitaja wazi changamoto ya wake wengi barani Afrika.

Waraka huo unawagusa wazee wa vigango vyetu. Karibu kila kanisa lina mzee wa namna hii: ana wake wawili, anakuja kila Jumapili, anatoa sadaka, anachimba msingi wa kanisa jipya. Wakati wa Komunyo wenzake wanapanga mstari, yeye anabaki kwenye benchi la nyuma, kofia magotini. Amekaa hivyo miaka thelathini kwa sababu aliambiwa ndoa ni ya wawili, naye akaamini.

Wanaotaka kujua Papa mpya ataelekea wapi wasimwone mtu huyu kama aliyeganda katika ukale. Yeye amelilipia fundisho hilo. Anastahili jibu lililo wazi, na historia yetu, toka Thiandoum hadi Ambongo, imeonyesha kwamba mtoto anaweza kulidai jibu hilo kwa sauti bila kuondoka nyumbani.