Cherehe ya Msasa, Si "Kisagio cha Ukanda"

Orodha mpya ya istilahi za ufundi imetufikia hapa Gitega, na humo mashine ya mhunzi wa visu, ile yenye mkanda wa msasa unaokimbia juu ya magurudumu, imebatizwa "kisagio cha ukanda". Kusaga ni kazi ya mahindi na mihogo. Mhunzi wa Muyinga akilitamka neno hilo mbele ya wateja ataletewa debe la mtama. Na "ukanda" je? Msomaji wa magazeti anaujua Ukanda wa Gaza na ukanda wa pwani. Atadhani kimejengwa kinu kimoja cha kulisha kanda nzima.

Chanzo cha kosa si siri. Wanakamati, ambao adabu inanizuia kuwataja, walifanya kazi huku kamusi ya Kifaransa iko mezani. Kwa Mfaransa, meule ni jiwe la kusagia ngano na ni jiwe la kunolea kisu. Mwingereza naye ana kitenzi kimoja kwa kazi zote mbili. Sisi hatuna umaskini huo. Unga husagwa, kisu hunolewa, ubao hupigwa msasa, chuma hupigwa tupa.

Neno lipo, tena la siku nyingi: cherehe. Kamusi zimelihifadhi tangu enzi za ukoloni kwa maana ya jiwe la kunolea linalozungushwa. Asili yake ni Kiajemi, charkh, yaani gurudumu, au chochote kizungukacho. India likawa charkha, gurudumu la kusokotea nyuzi ambalo Gandhi aliligeuza alama ya siasa. Pwani yetu likazaa ndugu wawili, cherehe ya mnoaji na cherehani ya mshonaji, kwa hiyo fundi nguo wa sokoni Gitega hukanyaga ukoo wa neno hili kutwa nzima bila kuhudhuria semina yoyote. Wapo wanaopinga wakisema mashine hii haina jiwe. Charkh haikuwa jiwe hata siku moja! Ni gurudumu, na mashine hii inayo kadhaa: la mota, la kuongozea mkanda, na mara nyingi moja kubwa la kugusishia chuma.

Msasa nao ulikuwa mti kabla ya kuwa karatasi. Majani yake hukwaruza, na maseremala waliyatumia kulainishia mbao. Cherehe ya msasa, basi. Mwalimu mmoja wa Muyinga, mtu ninayemheshimu katika mambo mengine, anang'ang'ania "kinoa-mkanda". Kifungua-kopo hufungua kopo. Kinoa-mkanda kitanoa nini? Isitoshe, kunoa ni hatua ya mwisho tu. Kabla ya hapo mashine imeondoa magamba ya moto, imenyoosha umbo, imechonga mbavu za kisu.

Pendekezo langu nililipeleka kwa maandishi, na tanbihi zake. Likarudi likiwa na maneno matatu pembeni: "limepitwa na wakati". Eneo hili limeyeyusha chuma kwa zaidi ya miaka 2,000, na sijasikia kamati ikipendekeza tukiache kwa sababu ya umri wake.

Kuhusu matumizi, kwa ufupi: mnunuzi atafute cherehe ya msasa inayopokea mikanda ya milimita 50 kwa 1,830, ambayo watengeneza visu wengi duniani wameizoea, yenye mota ya kilowati 1.5 hivi na kidhibiti cha mwendo, maana kisu kilichokwisha kukazwa kwa moto kikisuguliwa kwa kasi hugeuka buluu na kupoteza ugumu. Barakoa na miwani havina mjadala.

Nyuma ya mkanda kuna bamba la chuma, bapa kabisa, la kuegemezea. Bila hilo ubavu wa kisu haunyooki. Orodha ileile inaliita "sahani". Sahani! Kikao, naona, kilikuwa kimekaribia saa ya chakula.