Kutafuta Chanzo cha Harufu

Msomaji mpenzi, katika milango mitano ya fahamu aliyopewa mwanadamu, pua ndiyo isiyopata sifa. Macho husifiwa kwa kusoma, masikio husifiwa kwa kusikia mafundisho, lakini pua hukumbukwa wakati wa mafua tu. Nia yangu katika insha hii ni kuitetea pua. Nitakuonyesha, kwa mfano wa motokaa moja na wa mji mmoja mkubwa, kwamba harufu ni mjumbe. Mjumbe huyu hutuambia kuwa jambo lipo, ila hatuambii lilipo. Kazi ya kulitafuta lilipo ni ya akili.

Nianze na kisa changu mwenyewe. Nilikuwa na motokaa kuukuu iliyonipeleka kazini kila siku. Asubuhi moja nilipofungua mlango wake nilipokewa na harufu ya petroli. Nilishusha vioo, nikaenda zangu. Baada ya juma moja sikuisikia tena, nikafurahi kwamba imekwisha. Kumbe haikwisha, pua yangu ndiyo iliyozoea. Siku niliyomchukua mke wangu kwenda sokoni, aliketi, akaziba pua kwa leso, akaniuliza, “Baba Neema, watoto wetu utawapakia humu?”

Nilimwendea fundi. Aliinama juu ya injini, akatikisa kichwa, akatamka kwamba mkosaji ni pampu ya petroli. Nilinunua pampu mpya kwa fedha niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya karo. Harufu ikabaki. Fundi wa pili alilaumu mpira unaopeleka petroli kwenye injini. Mpira ukabadilishwa, na harufu ikabaki. Ndipo mwanachuo mmoja, kijana mpole wa maneno machache, aliponiambia, “Samahani, Mwalimu. Harufu hii huzidi siku gani?”

Sikuwa na jibu. Mimi niliyefundisha wengine kuchunguza, sikuwa nimechunguza lolote. Kwa siku kumi na nne niliandika katika daftari siku niliyotia petroli, kiasi kilichokuwa ndani ya tangi, na jinsi harufu ilivyokuwa. Kwa kuwa pua yangu haikuaminika tena, mke wangu alikuwa shahidi. Daftari likatoa hukumu: harufu ilikuwa kali tangi lilipojaa, na ilitoweka tangi lilipofika nusu. Basi kosa halikuwa katika injini, ambayo hupata petroli ile ile tangi likijaa au likipungua. Lilikuwa juu, mahali ambapo petroli hufika tangi likijaa tu. Tuliiinua motokaa, tukakuta mpira mnene utokao kwenye mdomo wa kutilia petroli hadi tangini umepasuka upande wa juu. Mpira mpya na vibano viwili vilimaliza kazi kabla ya saa moja kupita.

Kisa hicho ni kidogo, lakini historia ina kisa mfano wake, kilichoupata mji mzima. Ili ukielewe vema, turudi nyuma kidogo.

Mwezi wa Agosti mwaka 1888, huko Ujerumani, Bertha Benz aliichukua motokaa iliyobuniwa na mumewe Carl, akasafiri na wanawe wawili kutoka Mannheim hadi Pforzheim, mwendo wa kilomita zipatazo 100. Siku hizo hapakuwa na kituo cha petroli popote duniani. Mafuta yalipopungua alinunua ligroini, ambayo ni jamii ya petroli, katika duka la dawa mjini Wiesloch, kwa maana watu waliitumia kusafishia nguo. Njiani bomba la mafuta liliziba. Bibi huyo hakuilaani motokaa nzima. Alitafuta mahali penyewe palipoziba, akapazibua kwa pini ya kofia yake.

Motokaa ile iliendeshwa kwa mvuke wa petroli uliochukuliwa na hewa iliyopita juu ya mafuta. Mwaka 1893 Wilhelm Maybach alileta kabureta iliyorashia petroli ndani ya hewa, na injini zikapata nguvu zaidi. Hata hivyo, kwa miaka mingi iliyofuata, tangi na kabureta zilikuwa na matundu yaliyoachwa wazi. Motokaa iliposimama juani, mvuke ulitoka na kupotea hewani. Harufu ya petroli ikawa ada. Watu waliihesabu kuwa sehemu ya motokaa, kama vile harufu ya ng’ombe ilivyo sehemu ya zizi.

Basi sikia yaliyotukia Los Angeles, nchini Marekani. Mwezi wa Julai mwaka 1943 mji huo ulifunikwa na ukungu mchafu uliowasha macho na koo. Wako waliodhani kuwa adui amewashambulia kwa gesi, kwani ulikuwa wakati wa vita. Wengine walikinyoshea kidole kiwanda kimoja kilichotengeneza mali ghafi ya mpira wa bandia. Kiwanda kikafungwa kwa muda, lakini ukungu ukarudi. Hapa, msomaji, nawaona mafundi wangu wawili: mtuhumiwa wa karibu amehukumiwa, na kosa limebaki.

Mtu aliyekipata chanzo alikuwa Mholanzi Arie Haagen-Smit, mwalimu wa kemia katika Chuo cha Teknolojia cha California. Yeye alikuwa akichunguza harufu ya nanasi, apate kujua ni vitu gani viifanyavyo iwe tamu. Kwa maarifa yale yale aliikusanya hewa ya mji, akaigandisha na kuichambua. Alionyesha kwamba mvuke wa petroli na moshi wa motokaa, vikichanganyika chini ya jua kali, hufanya gesi ya ozoni na vitu vingine viumizavyo macho na mimea. Kipimo chake kimojawapo kilikuwa vipande vya mpira uliopindwa: ozoni ilipozidi, mpira ulipasuka upesi. Walikuwapo waliompinga, hasa katika biashara ya mafuta, lakini vipimo vyake vilisimama. Kumbe chanzo hakikuwa katika kiwanda kimoja tu. Kila mwenye motokaa alikuwa na fungu lake.

Matokeo ya uchunguzi huo yamo katika motokaa za leo. Kuanzia motokaa za mwaka 1970 katika California, na za mwaka 1971 katika Marekani yote, sheria ilidai mvuke wa petroli uzuiwe usitoke ovyo. Mafundi walitumia kitu ambacho kila jiko linakijua, yaani makaa. Mvuke wa tangini hupita katika bomba hadi kwenye mkebe wenye makaa yaliyotengenezwa yawe na vitundu vidogo sana, na humo hunaswa. Injini inapokwenda, huvuta hewa kupitia mkebe huo, ikauchoma ule mvuke ulionaswa. Hivyo lililokuwa ada kwa babu zetu limekuwa dalili ya ubovu kwetu. Motokaa nzima ya leo haipasi kunuka petroli ndani yake.

Pengine utauliza haya yakufae nini, nawe huna motokaa. Yatakufaa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa; hutambaa chini, hujificha katika mashimo na mifereji, na hungojea cheche. Mnamo tarehe 12 Septemba mwaka 2011, katika kijiji cha Sinai jijini Nairobi, petroli ilivuja kutoka katika bomba kuu ikaingia mferejini. Watu walikuja kuiteka kwa ndoo na madebe. Moto ukalipuka, na makumi ya watu wakafariki. Harufu ilikuwapo, lakini wengi waliipokea kama habari ya riziki, na kumbe ilikuwa habari ya mauti.

Kwa hiyo, ukiwa katika motokaa ukasikia harufu ya petroli, sema. Dereva huenda hajui, kwa kuwa pua yake imezoea. Na isimamishwe mahali wazi, injini izimwe, abiria washuke, na mtu yeyote asiwashe kiberiti wala sigara. Ikiwa petroli inadondoka, injini isiwashwe tena mpaka fundi aje. Kisha na yaulizwe maswali kwa taratibu. Je, harufu hutokea tangi likijaa? Tazama kifuniko, mpira wa kutilia mafuta na mkebe wa makaa. Je, hutokea injini ikienda? Tazama mabomba na viungo vyake, toka tangini hadi injini. Je, hutokea sehemu ya nyuma tu? Huenda ni mkebe wa petroli uliobebwa nyuma, na motokaa haina kosa. Badilisha kitu kimoja, kisha upime tena. Abadilishaye vitu vitano kwa pamoja hatajua ni kipi kilichomponya.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Neno hilo ni la kweli, ila kabla ya kuuziba ufa sharti uuone, na kabla ya kuuona sharti ukubali kwamba upo. Wakazi wa Los Angeles walikubali macho yao yalipowasha. Mimi nilikubali mke wangu alipotoa leso. Wewe, msomaji, usingoje kiasi hicho. Kitu kibaya kikikosa kukukera tena, jiulize kwanza kama kimekwisha, au kama ni wewe uliyezoea.